Sauti na Mahali Pake: Maelezo juu ya Usikivu wa Pande Zote katika Uhalisia Pepe

Kawe ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam, kando ya Bahari ya Hindi. Mtu asimamaye hapo wakati wa magharibi, baina ya barabara na ufuko, akafumba macho yake, hakosi kujua bahari iko upande gani, mpiga debe wa daladala yuko wapi, na adhana yatoka msikiti upi. Sauti zote hizo zaingia katika matundu mawili tu, nazo zimekwisha kuchanganyika hewani kabla ya kufika. Kiwambo cha sikio hakina picha wala ramani. Hutikisika tu, kikienda ndani na kurudi nje. Hata hivyo msikilizaji hasikii mchanganyiko. Husikia vitu mbalimbali, kila kimoja mahali pake.

Swali la mahali pa sauti ni la zamani, lakini limepata uzito mpya tangu kuanza kutengenezwa mazingira ya uhalisia pepe, yaani mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta, ambayo mtu huyaona kwa kifaa afungacho machoni na kuyasikia kwa hedifoni. Katika mazingira hayo hakuna bahari wala barabara. Sharti kila sauti ipewe mahali kwa hesabu. Yafuatayo ni maelezo ya jinsi kazi hiyo inavyofanywa, na ya jinsi sarufi ya Kiswahili ilivyokwisha kutofautisha mambo ambayo mafundi wa sauti wamelazimika kuyatofautisha. Jambo hili lina faida kwa waundao istilahi, na zaidi kwa wale wanasao sauti za watu na mahali kwa ajili ya uchunguzi wa lugha.

I. Masikio mawili

Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza ya kuwa mtu hutambua upande wa sauti kwa dalili za namna mbili. Ya kwanza ni wakati. Sauti itokayo upande wa kuume hufika sikio la kuume kwanza, kisha la kushoto. Katika joto la digrii 30, ambalo si geni Kawe, sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde. Na kwa kuwa kichwa cha mtu ni kidogo, tofauti ya kufika kwake katika sikio hili na lile haizidi sehemu 6 au 7 za elfu kumi za sekunde. Muda huo ni mdogo mno, lakini ubongo huupima, hata mtu aliyeelekea sauti mbele yake aweza kutambua kuhama kwake kwa kadiri ya digrii 1.

Dalili ya pili ni nguvu. Kichwa hulitilia kivuli sikio la mbali, kama ukuta unavyokinga upepo. Kivuli hiki ni hafifu kwa sauti nene, maana mawimbi yake ni marefu kuliko kichwa, nayo hukizunguka; bali ni kizito kwa sauti nyembamba. Mpaka baina ya dalili hizi mbili u karibu na mitikisiko 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo ngurumo ya injini ya lori hutafutiwa upande wake kwa wakati, na mluzi hutafutiwa kwa nguvu.

Dalili hizi mbili zingetosha kama ulimwengu ungekuwa na kuume na kushoto tu. Lakini sauti iliyo mbele kabisa na iliyo nyuma kabisa hufika masikio yote mawili wakati mmoja na kwa nguvu moja; na ndivyo ilivyo ile iliyo juu ya utosi. Hapa husaidia mikunjo ya sikio la nje. Mikunjo hiyo hupunguza baadhi ya sauti nyembamba na kuongeza nyingine, kwa kadiri ya upande zitokako, na tangu utoto kila mtu amejifunza alama za masikio yake mwenyewe. Mafundi huzipima alama hizo kwa kutia maikrofoni ndogo katika matundu ya masikio na kupiga sauti kutoka pande nyingi, moja baada ya moja. Hesabu ipatikanayo hupewa kompyuta, ili sauti yoyote itakayopitishwa humo ifike katika hedifoni kana kwamba imepita katika masikio hayo. Lakini mikunjo ya masikio ya watu hailingani. Mtu apewaye hesabu ya masikio ya mwingine aghalabu hukosea kimo cha sauti, na huweza kuisikia nyuma ile iliyowekwa mbele.

II. Kusikia na kusikiliza

Kosa hilo la mbele na nyuma si dogo. Mazingira ya sauti yametengenezwa ng'ambo kwa ajili ya kuwafunza watu wasioona kutembea na kuvuka barabara kabla hawajatoka nje. Mwanafunzi akizoezwa kuisikia nyuma yake gari iliyo mbele, mafunzo yenyewe yatakuwa mtego.

Dawa ya kosa hilo ilielezwa na Hans Wallach katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1940 huko Marekani. Msikilizaji akigeuza kichwa kidogo upande wa kuume, sauti iliyo mbele yake hulikaribia sikio la kushoto. Iliyo nyuma yake hulikaribia sikio la kuume. Iliyo juu ya utosi haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mtu asiyejua kwa kutulia hujua kwa kujigeuza. Mahali pa sauti, basi, hapatambulikani kwa kile tu kinachoingia sikioni, bali pia kwa namna kinavyobadilika pale msikilizaji anapojisogeza.

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo vyalieleza jambo hili vema. Kusikia ni kupatwa na jambo: mtu husikia sauti, na pia husikia baridi, njaa, harufu na maumivu, apende asipende. Kusikiliza ni kutenda: ni kuelekeza nia, na mara nyingi ni kuelekeza kichwa pia. Redio na santuri zilitengenezwa kwa ajili ya mtu asikiaye, maana hata ageuke vipi, kitu kitokacho mle hakibadiliki. Uhalisia pepe umetengenezwa kwa ajili ya mtu asikilizaye. Kifaa kilichofungwa kichwani hupima kila mgeuko wa kichwa, nayo kompyuta huyafuata mabadiliko hayo na kuzipanga sauti upya. Jambo moja latakiwa: kufuata huko kusichelewe. Kukichelewa zaidi ya sehemu chache za mia za sekunde, sauti huonekana kuburutwa na kichwa, na imani ya msikilizaji huvunjika.

III. Maneno ya mwili na maneno ya nchi

Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Clément Ader aliwawezesha watu kuisikiliza michezo ya Opera kwa simu mbili, moja kwa kila sikio, wakatambua waimbaji wakihama jukwaani. Mwaka 1931 Alan Blumlein aliomba hataza huko Uingereza kwa njia ya kunasa na kutoa sauti katika mikondo miwili, ambayo sasa huitwa stirio. Hizo zilikuwa hatua kubwa. Lakini mtu asikilizaye stirio kwa hedifoni akigeuka, waimbaji wote hugeuka pamoja naye, kana kwamba jukwaa limefungwa kichwani mwake.

Kasoro hii yaelezeka kwa urahisi katika Kiswahili, kwa kuwa maneno ya pande yamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza ni maneno ya mwili: kuume, kushoto, mbele, nyuma. Hayo humfuata mtu. Kundi la pili ni maneno ya nchi: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Hayo hayamfuati mtu. Kule Kawe bahari iko mashariki. Mtu akielekea kaskazini huwa nayo mkono wa kuume. Akigeuka kuelekea kusini huwa nayo mkono wa kushoto. Lakini bahari haikuhama. Hedifoni za stirio hujua maneno ya mwili tu. Kazi ya kompyuta ya uhalisia pepe ni kuweka kila sauti kwa maneno ya nchi, kisha kuyageuza maneno hayo, mara nyingi katika kila sekunde, yawe ya mwili wa msikilizaji kwa jinsi alivyoelekea wakati ule.

Mabaharia wa pwani wana kundi la tatu, nalo lina mafunzo yake. Omo na tezi ni pande za chombo, wala si za baharia wala za dunia. Omo hubaki omo hata chombo kikielekea wapi, na hata baharia akikigeuzia mgongo. Mtu aliyemo chomboni, basi, ana pande zake, chombo kina pande zake, na nchi ina pande zake. Mwenye kutengeneza safari ya jahazi katika uhalisia pepe hana budi kuyajua makundi yote matatu: mlio wa foromali ufuate chombo, mawimbi ya mwambani yafuate nchi, na vyote vifike sikioni kwa kufuata mwili. Akiyachanganya, msikilizaji atasikia mwamba ukisafiri pamoja na jahazi.

IV. Pa-, ku- na m-

Upande peke yake si mahali. Juu ya mahali, wanasarufi wamekwisha kueleza kwa muda mrefu ya kuwa Kiswahili kina ngeli tatu: pa- ya mahali dhahiri, ku- ya mahali pasipo mpaka au pa kuelekea, na m- ya ndani. Ngeli hizo hutawala vitenzi hata katika habari za sauti: Pale dukani panalia redio, Kule baharini kunavuma, Mle msikitini mnasikika dua. Tofauti hizi tatu zalingana na tofauti tatu za kazi ya fundi wa sauti.

Sauti ya pa- ina chimbuko moja, kama nukta. Hupewa mahali pake katika ramani, na mgandamizo wake hupungua nusu kila umbali unapozidi mara mbili. Redio ya dukani, kengele ya baiskeli na mtu asemaye ni za namna hii.

Sauti ya ku- haina nukta. Bahari ya Kawe haivumi mahali pamoja. Yavuma ufuko mzima. Fundi akiifanya kuwa sauti ya pa-, akaiweka mahali pamoja majini, msikilizaji atembeaye kando ya ufuko ataikaribia bahari, ataipita, na ataiacha nyuma kama bomba la maji lililosahauliwa wazi. Sauti ya namna hii yapasa kutandazwa, ili iwe na upande lakini isiwe na kituo.

Sauti ya m- ni ya ndani, na ndani hujulikana kwa kuta. Mfano wake si mzuri peupe pa Kawe, bali katika jengo kama Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye nguzo, matao na kuba. Magofu ya Kilwa yalipimwa kwa mionzi ya leza na wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na umbo lake sasa laweza kuonekana katika kompyuta. Umbo hilo ni bubu. Ili lipate sauti, sharti ihesabiwe njia ya kila sauti kutoka kinywani hadi kubani, kutoka kubani hadi ukutani, na kutoka ukutani hadi sikioni. Hata hapo viashiria vya Kiswahili vyasaidia, kwa kuwa humu si mle. Sauti ya humu humzunguka msikilizaji. Sauti ya mle humfikia kwa kupenya mlango au ukuta, nayo hupoteza wembamba wake njiani. Fundi huzihesabu mbali mbali.

Haifai kudai ya kuwa sarufi ni fizikia. Ngeli za mahali hazipimi umbali wala kimo, na katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam ku- imechukua kazi nyingi za wenzake, hata wengi husema kuna pale ambapo wazee wangesema pana au mna. Lakini tofauti zenyewe hazijafa, na mwanafunzi aliyezizoea hana haja ya kufundishwa upya ya kuwa mahali ni pa namna nyingi.

V. Habari ya kipaza sauti

Kawe kuna viwanja viitwavyo Tanganyika Packers, kwa jina la kiwanda cha kusindika nyama kilichokuwapo na kufungwa zamani. Viwanja hivyo vimetumika kwa mikutano mikubwa ya hadhara na ya ibada, na mikutano hiyo yaonyesha vizuri jinsi mahali pa sauti panavyoweza kuhamishwa. Chukua mfano wa msikilizaji aliyesimama mita 70 kutoka jukwaani, na upande wake wa kuume, kwa umbali wa mita 10, iko spika. Umeme husafirisha sauti hadi spika bila kuchelewa kwa kadiri ya kusikika. Sauti ya spika humfikia baada ya sehemu 3 hivi za mia za sekunde. Sauti ya kinywa chenyewe, kama yaweza kusikika, humfikia baada ya sehemu 20 za mia. Sikio humpa mahali yule aliyetangulia kufika, kanuni iliyoelezwa na Wallach na wenzake mwaka 1949. Kwa hiyo macho humwona msemaji pale, na masikio humsikia huku. Mafundi hodari huichelewesha spika kwa makusudi, ili kinywa kitangulie kidogo na sauti irudi jukwaani.

Sasa tazama shida ya istilahi. Katika maandishi mengi ya Kiswahili maikrofoni huitwa kipaza sauti, na spika pia huitwa kipaza sauti. Sentensi isemayo ya kuwa kipaza sauti kiko mita 70 kutoka kwa msikilizaji yaweza kuwa kweli kwa kifaa kimoja na uongo kwa kingine, na hesabu yote iliyotolewa hapo juu yategemea tofauti hiyo. Yafaa maikrofoni iwe ile inasayo, spika iwe ile itoayo, na kipaza sauti libaki jina la mtambo mzima. Maneno hayo mawili ya mkopo yamekwisha kuzoewa na watu, wala hayana utata.

Kadhalika kuna usemi wa sauti ya pande tatu, uliofuatisha lugha za kigeni bila kuangalia maana ya upande. Kwa Mswahili, kitu chenye pande tatu kimepungukiwa upande mmoja. Na kwa sikio pande ni sita: kuume, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini. Usemi wa sauti ya pande zote waeleza kweli na haupotoshi. Mwangwi nalo ni neno lifaalo kwa sauti irudiyo peke yake, kama ile irudishwayo na ukuta ulio zaidi ya mita 17 mbele ya mtu, ambayo hurejea baada ya sehemu 1 ya kumi ya sekunde. Lakini marejeo ya chumbani, ambayo ni mengi na yamefuatana hata hayatengeki, yahitaji jina lake. Na neno mvumo, ambalo lina maana ya sauti iendeleayo, laweza kubeba maana hiyo. Ama neno pepe, kwa mkulima wa mpunga ni punje yenye ganda bila kiini. Neno hilo halikukosea: mazingira haya yana ganda la mahali, na kiini hutiwa na usikivu wa mtu.

VI. Sauti zilizonaswa

Jambo hili lawahusu moja kwa moja wachunguzi wa lugha na fasihi simulizi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alinasa nyimbo na ngoma za Tanganyika na Unguja, na hazina yake kubwa imehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Kazi ya wakati ule ilikuwa ya mkondo mmoja, maana ndivyo vyombo vilivyokuwa. Msikilizaji wa leo hupata maneno, sauti na mapigo. Hawezi kujua waitikiaji walisimama wapi, duara lilikuwa kubwa kiasi gani, wala mwimbaji alimgeukia nani alipotamka neno la mafumbo. Katika ngoma na majibizano mambo hayo ni sehemu ya maana. Neno aliloelekezwa mtu si sawa na neno lililosemwa hewani.

Leo mambo hayo yaweza kuhifadhiwa. Katika miaka ya 1970 Michael Gerzon wa Oxford pamoja na wenzake waliendeleza njia ya kunasa sauti ya pande zote kwa maikrofoni yenye vinasio vinne vilivyoelekea pande mbalimbali. Sauti iliyonaswa hivyo yaweza kuzungushwa baadaye kufuata kichwa cha msikilizaji. Mtu aliyevaa hedifoni aweza kugeuka katikati ya ngoma iliyokwisha, na waitikiaji wakabaki mahali pao. Lakini njia hiyo ina mpaka wake: humruhusu kugeuka, haimruhusu kutembea. Yeye husimama pale iliposimama maikrofoni, na hawezi kumkaribia mpiga ngoma hata hatua moja. Ili atembee, yapasa kila sauti ya pa- iwe imenaswa peke yake, na mahali pake pajulikane.

Vyombo hivyo si vya kila mchunguzi, lakini daftari ni la kila mchunguzi. Anasaye usimulizi au ngoma, hata kwa simu ya mkononi, aweza kuandika mambo manne: maikrofoni ilisimama wapi, ilielekea upande gani, kwa maneno ya nchi wala si ya mwili, kila sauti ilitoka wapi na kwa umbali gani, na kama ilikuwa ya pa-, ya ku- au ya m-. Kwa maelezo hayo mafundi wa baadaye wataweza kuijenga upya hadhira iliyotawanyika. Bila hayo hawataweza, hata wawe na mitambo ya namna gani, maana hesabu haiwezi kurudisha mahali ambapo hapakuandikwa.

Kawe yenyewe yatoa funzo. Jina la kiwanda limebaki katika viwanja, na picha zake zaweza kutafutwa. Lakini jinsi kilivyosikika kwa mtu aliyesimama barabarani, na jinsi mlio wake ulivyochanganyika na bahari, hakuna picha iwezayo kueleza. Pale palipo na duka leo, kesho patakuwa na jengo jingine, na sauti ya pale itakuwa imekwisha kuondoka. Lugha ina maneno ya kuandikia mahali pa sauti hiyo; yabaki kuandikwa.